Nguo za Mitumba: Kununua kwa Macho na kwa Haki

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi wa Januari, wazazi wengi wa Dunda huhesabu fedha zao na kuona ya kuwa hazitoshi kuwavika watoto nguo mpya. Hapo wengine hushuka sokoni papa hapa Bagamoyo, na wengine hupanda gari kwenda Dar es Salaam, kwenye masoko ya Karume, Manzese na Tandika. Huko nguo za mitumba hutundikwa kwenye kamba au humwagwa juu ya turubai, na watu huinama kuchagua.

Wako waonao haya kuinama. Zamani watu waliziita nguo hizi "kafa Ulaya," wakidhani ya kuwa kila mwenye nguo amekwisha kufa ng'ambo. Sivyo, nyingi zimetolewa na watu walio hai, waliozichoka, au ambao watoto wao wamekua. Wahenga walisema, Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini mtumba ulionunuliwa si wa kuazima, ni mali ya mnunuzi. Wala kwa watu wa pwani nguo itokayo mbali si jambo jipya. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilichukua mizigo ya merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, ikarudi na pembe za ndovu.

Basi lililo kubwa ni kujua namna ya kununua. Inua nguo kwenye mwanga. Tazama kwapa, kola na magoti, ndiko inakoanza kuchakaa. Vuta mshono kidogo, funga na kufungua zipu, hesabu vifungo. Nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa usinunue kamwe. Shirika la Viwango Tanzania limezikataza kwa ajili ya afya. Ukifika nyumbani, fua nguo zote na kuzipiga pasi kabla hazijavaliwa.

Lakini, akina mama na akina baba, tusisahau huyu aliyesimama ng'ambo ya turubai. Nguo hufika melini katika marobota yaliyobanwa sana, na robota moja mara nyingi lina uzani wa kilo 45 hivi. Mchuuzi hulinunua likiwa limefungwa. Huambiwa tu ya kuwa ndani mna mashati, au magauni, au nguo za watoto. Akilifungua, huenda akakuta nzuri chache, na zilizobaki zina madoa na matundu, na fedha yake hairudi. Tena mali yake yote i pale sokoni. Tarehe 16 Januari 2022 moto uliteketeza soko la Karume usiku, na wachuuzi wengi walipoteza kila walichokuwa nacho.

Tazameni, basi, tofauti ya watu hawa wawili. Mnunuzi huona kila uzi kabla ya kulipa. Mchuuzi alilipa kabla ya kuona. Kwa hiyo kupatana bei ni halali, nako ni desturi yetu. Lakini kutaja dosari isiyokuwapo, au kumkaba mama wa watu jioni kwa kuwa twajua hana nauli ya kurudi kwake, hiyo si akiba, ni dhuluma. Shilingi mia chache tulizomnyang'anya huyo ni chakula cha watoto wake.

Nanyi walimu, mkiona mtoto anachekwa darasani kwa sababu sweta lake ni la mtumba, msinyamaze. Waambieni wenzake ya kuwa sweta safi, lililoshonwa vifungo na kununuliwa kwa haki, halina aibu yoyote. Na mzazi aliyelitafuta juani siku nzima anastahili heshima.