"Treated" kwenye mfuko wa mbegu

Wandugu wakulima, mifuko ya mbegu za mahindi yenye kutoka Uganda ao Kenya inafika hapa Bukavu na maandiko ya Kiingereza. Mutasoma pale "treated". Kwa mugonjwa, neno hilo ni kusema ametibiwa. Kwa maji, yametiwa dawa, unaweza kunywa. Lakini kwa mbegu ni kinyume kabisa: imepakwa sumu ili isiozee udongoni wala kuliwa na wadudu. Mara nyingi inatiwa rangi, nyekundu ao kijani, mutu asiichanganye na ya kula. Hata njaa ikikaza, musiisage, musiipe kuku. Kuosha hakuondoi sumu yote. Na mfuko wake, wamama, musiwekee unga. Wenye kusoma Kifaransa wataona "semences traitées": onyo ni lile lile.