Saratani ya Damu: Dawa Inaposadifu Maradhi

Himdi zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Familia zenye mgonjwa wa saratani ya damu huuliza mambo mawili. Kwa nini daktari hatoi dawa mpaka majibu ya kipimo cha jeni yarudi? Na mgonjwa akijihisi mzima, anaweza kuacha vidonge, hasa Ramadhani inapoingia?

Mtume ametufundisha kwamba kila maradhi yana dawa, na kwamba dawa inaposadifu maradhi, mtu hupoa kwa idhini ya Allah. Ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (Radhiya Allahu 'anhu). Tuzingatie neno hilo, kusadifu, kupitia mfano wa dawa iitwayo imatinib.

Dawa hii hutibu aina ya saratani ya damu ambayo madaktari huiita CML. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford wa Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa. Mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago alionesha kuwa vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali. Pale vilipoungana huzaliwa jeni mbovu, BCR-ABL, nayo hutengeneza kimeng'enya kisichopumzika. Kimeng'enya cha kawaida hufanya kazi kwa amri na hunyamaza kwa amri. Hiki huziamrisha seli nyeupe za damu zizaane usiku na mchana. Hitilafu hii hairithiwi wala haiambukizi, basi asilaumiwe mzazi wala asitengwe mgonjwa.

Dawa za zamani zilipiga kila seli inayogawanyika, mbovu na nzima. Nicholas Lydon na wenzake katika kampuni moja ya Uswisi, pamoja na Dk. Brian Druker wa Marekani, walitafuta njia nyingine. Kimeng'enya kina kishimo kinachopokelea nguvu ya kufanyia kazi. Imatinib hukaa ndani ya kishimo hicho, mfano wa ufunguo uliovunjikia kwenye kufuli: ufunguo wa kweli hauingii tena. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Katika utafiti mkubwa wa wagonjwa walioanza nayo, takriban 83 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Hata hivyo, hugusa pia vimeng'enya vichache vinavyofanana na hicho, ndiyo maana wengine huvimba macho au huhisi kichefuchefu.

Jibu la suali la kwanza liko hapo. Saratani za damu ni nyingi, na pasipo kufuli lake kidonge hakina cha kuziba. Kipimo ni sehemu ya tiba, wala dawa ya jirani si dawa yako.

Ama la pili, uzima anaouhisi mgonjwa ni kazi ya dawa. Akiruka vidonge, seli zilizobaki hupata nafasi ya kuongezeka, na kufuli huweza kubadilika umbo. Badiliko moja, T315I, huifanya imatinib ishindwe kabisa. Wapo wanaoacha baada ya miaka mingi, lakini ni kwa uamuzi wa daktari na vipimo vya mara kwa mara.

Kuhusu funga, Allah amempa mgonjwa rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine (Al-Baqarah: 184-185). Asiyetarajiwa kuweza kulipa hulisha masikini kwa kila siku. Imatinib humezwa pamoja na chakula na gilasi kubwa ya maji, mara nyingi mara moja kwa siku, hivyo huenda daktari akaruhusu imezwe wakati wa futari. Aulizwe kabla ya mwezi kuandama. Aelezwe pia miti shamba yote inayotumiwa nyumbani.

Kumeza kidonge kwa wakati hakupingani na kutawakali. Tunamuomba Allah Awaponye wagonjwa wetu na Awape subira wanaowauguza. Amin.

Wallahu a'lam.