Kasuku Wako Akiruka, Usimfukuze

Kasuku wa kijivu akitoka tunduni na kuvuka paa la jirani, watu wa nyumba husema katoroka. Mara nyingi si kweli. Mlango umegongwa, pikipiki imenguruma, au kivuli cha mwewe kimepita uani. Ndege ameshtuka, mabawa yamemchukua, na sasa yuko kileleni mwa mti asijue atashukaje. Mfugaji wa Mabalako, Beni au Butembo, huku mashariki mwa Kongo, akilielewa hilo mapema, nusu ya kazi imekwisha.

Ndege aliyekulia ndani amezoea safari za kutoka kitini hadi dirishani. Kupaa ni maumbile yake, ila kuteremka kwa mteremko mkali ni ujuzi, nao huja kwa mazoezi ambayo wenzake wa msituni huyapata tangu wakiwa makinda. Asiye na ujuzi huo huhama mti kwa mti akizidi kupanda, na kila akifukuzwa huongeza umbali. Wafugaji wengine hushangaa aliwezaje kuruka, kwa kuwa walikuwa wamemkata manyoya ya mabawa. Manyoya hupukutika na kuota upya kidogo kidogo, na machache tu yakisharudi kila upande yanatosha kumvusha ua, hasa upepo ukivuma.

Kwa hiyo saa ya kwanza si ya kukimbia, ni ya kutazama. Mtu mmoja asimwondolee macho, na akimpoteza ashike upande alioelekea. Mwingine alete tundu lake, atie karanga au kipande cha papai, aliweke juu ya meza au paa la chini, mlango ukiwa wazi na umeshikiliwa kwa kamba usije ukajifunga. Kama una kasuku wa pili, mtoe naye akiwa ndani ya tundu lake, kwani sauti ya mwenzake huweza kumvuta kuliko chakula. Kama huna, piga mluzi aliouzoea, au mchezee sauti uliyoirekodi kwenye simu yako. Piga, nyamaza, sikiliza. Kasuku huitana wakiwa mbalimbali, na aliyepotea mara nyingi husikika kabla ya kuonekana, maana rangi yake ya kijivu hufichika kabisa ndani ya majani ya mwavoka.

Mahali unaposimama pana maana kubwa. Butembo ni mji wa vilima: nenda upande wa juu wa mteremko, uwe usawa mmoja naye, asilazimike kushuka ndipo akufikie. Pasipo kilima, paa imara litakusaidia. Ukiwa Mabalako, kagua michikichi kwanza, kwa kuwa chikichi ni chakula kikuu cha kasuku wa porini na ndege mwenye njaa huweza kuelekea huko.

Kisha usome mwili wake. Akiwa amebana manyoya, amenyoosha shingo na anahema mdomo wazi, bado ana hofu, mwache apumzike. Akianza kujikung’uta, kuchokoa manyoya ya kifua na kuitikia mluzi, moyo umetulia. Akiinama mbele huku akilegeza mabawa, anapima njia. Wengi hawaruki hata hapo: huuma tawi kwa mdomo, hushusha mguu mmoja, kisha wa pili, wakateremka hivyo hadi matawi ya chini. Usimrukie. Mwache aanze kula, ndipo umpe mkono kama anavyouzoea, au ufunge mlango wa tundu taratibu.

Mawe, manati, maji ya bomba na kundi la watoto wenye kelele humsukuma mbali zaidi. Ulimbo nao usiuguse. Wategaji wa misituni huutumia pamoja na nyavu na kasuku wa chambo, nao ulimbo huharibu manyoya kiasi cha ndege kushindwa kuruka kwa muda mrefu. Kwao chukua somo moja tu, lile la chambo: kasuku humfuata kasuku.

Huku kwetu karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo ratiba ni rahisi. Kasuku huita zaidi alfajiri na jioni, na mchana wa jua kali hunyamaza. Giza likiingia hulala alipo. Weka alama kwenye mti huo na uwe chini yake kabla hapajapambazuka, akiamka na njaa akukute. Lakini usimfuate hadi ukingo wa msitu jioni. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wameuawa vijijini na mashambani mwao, na hakuna ndege wa thamani hiyo.

Asipoonekana siku ya pili, watu ndio macho yako. Mwarifu chefu wa kartie, omba tangazo kanisani, msikitini na redioni, waambie waendesha pikipiki na wanaouza ndege sokoni. Taja mkia mwekundu na mtaa aliopotelea, lakini alama moja ifiche: kidole chenye kovu, au neno analolisema. Atakayedai amempata, au anayedai ni wake, atapimwa kwa hiyo.

Akirudi, mpe maji na chakula laini kwa kiasi, mkague macho, mabawa na kinyesi. Mtenge na kuku wako kwa wiki kadhaa, kwa sababu kideri huwapata kuku na kasuku vilevile. Osha mikono baada ya kumshika, maana kasuku anaweza kumwambukiza mtu ugonjwa wa mapafu.

Liko na jambo la sheria. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, mataifa yalimpandisha kasuku wa kijivu katika orodha ya juu ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, orodha inayozuia biashara ya kimataifa ya ndege waliotolewa porini. Zaidi ya milioni 1 walikuwa wameshauzwa nje ya Afrika katika miongo iliyotangulia, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza wengi. Nchini mwetu sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe vya porini, na anayemkamata kasuku bila kibali anajiweka hatarini. Ulinzi huo una sababu: kasuku jike hutaga mayai machache tu, kwa kawaida 3 hadi 5, ndani ya shimo la mti mkubwa, na mtegaji akiukata mti huo kizazi kizima huenda.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtafute uliye naye kwa subira, na ukimpata kagua kitasa cha tundu kila asubuhi. Ukimkosa moja kwa moja, usinunue kinda kutoka msituni ili kujaza pengo.