Acheni Dripu, Shikeni Zamu

Swali ni lilelile, anayeuliza tu ndiye hubadilika. Leo ni mama aliyevaa sare ya kikundi, kesho katibu wa kwaya, keshokutwa kijana wa msikitini aliyekuja na wenzake kutazama wagonjwa kabla ya Ramadhani. "Sista, huyu mzee hali, hanywi, mbona hamjamtundikia hata dripu?" Ndani ya swali hilo mna shutuma wanayoona haya kuitamka: kwamba nyumba ya tiba shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa ambao ugonjwa wao hautapona, ni mahali pa kuwaacha watu wafe njaa ili kitanda kipatikane.

Nimeshalijibu koridoni, getini na kwenye simu za saa nne usiku. Safari hii nalijibu kwa maandishi, na atakayeliuliza tena nitampa ukurasa huu ausome kwanza, salamu baadaye.

Tuanze na chupa yenyewe. Dripu ya maji ya chumvi ya nusu lita ina gramu 4.5 za chumvi, basi. Kilichobaki ni maji, na chakula humo hakuna hata chembe. Ile ya glukosi ya asilimia 5, ambayo mitaani wameipa jina la dripu ya nguvu, ina gramu 25 za sukari katika nusu lita. Soda ya kawaida ya mililita 300 inaipita. Chupa nzima inampa mgonjwa kama kalori 100, wakati mtu mzima aliyelala tu bila kunyanyua hata mkono hutumia zaidi ya 1,000 kwa siku. Na ile ya njano wanayotundikiwa watu kwenye vyumba vya uani kwa bei ya kuumiza? Unjano ule ni wa vitamini B, ndiyo hiyohiyo inayoupaka mkojo rangi ukimeza vidonge vyake. Familia inauza mbuzi ili inunue rangi.

Sasa tuseme chupa ingekuwa na mlo kamili. Bado isingebadili kitu, kwa kuwa wanaouliza wamepindua mpangilio wa mambo. Mgonjwa wa saratani iliyosambaa, au mwenye moyo au figo zilizofika mwisho, hafi kwa sababu ya sahani iliyorudi jikoni ikiwa imejaa. Ugonjwa ndio unaozima hamu ya kula. Saratani huuchochea mwili wote uwe kama unapigana na maambukizi yasiyoisha, ukala misuli yake wenyewe, na hata ukimjaza mayai na supu ya kongoro hauijengi misuli hiyo tena. Utumbo unapunguza kasi. Chakula kinakaa tumboni, kinaleta gesi, kichefuchefu na matapishi. Mgonjwa analijua hilo kabla yetu, ndiyo maana anausukuma mkono wenye kijiko.

Je, anasikia njaa? Wapo waliowauliza wagonjwa wenyewe. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 32 waliokuwa wakiuguzwa siku zao za mwisho huku akili zao zikiwa timamu. Kati yao 20 hawakusikia njaa hata mara moja, na wengine 11 waliisikia mwanzoni tu, ikaisha. Kiu na ukavu wa mdomo vilikuwepo, lakini vilitulizwa kwa chakula kidogo, matone ya maji, vipande vya barafu na kusafishwa mdomo. Kiasi hicho cha maji kisingetosha kuuzuia mwili usikauke, na bado mgonjwa aliridhika.

Kwa anayeamini dripu inaongeza siku, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka huduma za tiba shufaa (hospisi) za eneo la Houston, Marekani. Wagonjwa 129 wa saratani iliyokomaa, wote wakiwa na dalili za kupungukiwa maji, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa lita moja ya maji ya chumvi kila siku, wengine mililita 100 tu za kuzuga, na si mgonjwa wala muuguzi aliyejua nani kapata nini. Uchovu, kusinzia, maruweruwe, kushtukashtuka kwa misuli: hakuna tofauti. Siku za kuishi: hakuna tofauti.

Hapo huwa naambiwa, "Lakini haimdhuru, sista." Inamdhuru. Damu ya mgonjwa huyu imepungukiwa protini zinazoyashikilia maji ndani ya mishipa, kwa hiyo unachokiingiza kinavuja. Kinajaa miguuni hadi ngozi inang'aa na kupasuka, kinajaa tumboni, kinajaa mapafuni. Makohozi yanaongezeka wakati hana tena nguvu ya kuyatoa, na ule mkoromo unaowatoa ndugu mbio chumbani unazidi. Kibofu kinajaa, shuka inalowa, na kila shuka ikilowa lazima ageuzwe. Mwenye saratani iliyoingia kwenye uti wa mgongo ukimgeuza usiku mara nne badala ya mara mbili, umemwongezea mateso mawili ili wewe ulale umeridhika. Sijataja bado sindano inayotafuta mshipa kwenye mkono uliobaki ngozi na mfupa.

Kijiko nacho kina habari yake. Nilimkuta mama mmoja wa kujitolea, mwenye moyo mweupe kabisa, kamshika mzee kidevu kwa mkono wa kushoto, kijiko cha mtori kinagonga meno. "Baba, kunywa kidogo tu, vijiko vitatu, kwa ajili yangu." Mzee alikuwa ameugeuzia uso ukuta kadiri shingo ilivyomruhusu. Mtori ulikuwa umeteremka shavuni hadi kwenye mkunjo wa shingo na kuingia kwenye kola ya pajama. Nikiwa bado mlangoni, kijiko kimoja kikapita. Mzee akapaliwa, midomo ikabadilika rangi, tukakimbilia mashine ya kunyonya makohozi. Siku alizobakiwa nazo alizimaliza kwa homa na kikohozi, maana chakula kikiingia kwenye njia ya hewa ya mtu asiyeweza kukohoa vizuri huleta nimonia. Yule mama hakuwa na kosa. Kosa ni la utaratibu unaomkabidhi mtu kijiko na mgonjwa bila kumfundisha lolote, eti kwa kuwa amekuja kwa moyo.

Mgonjwa akitaka kula, ale. Akitamani embe saa tisa usiku, tafuteni embe. Aketi wima, apewe kidogo, abaki ameketi kwa nusu saa. Akisema basi, iwe basi. Wengi wanaomeza baada ya kubembelezwa wanawahurumia wanaowabembeleza, kisha wanatapika wageni wakishaondoka, na anayefuta matapishi hayo ni binti wa mgonjwa.

Kabla sijaandikiwa barua: dripu si haramu. Anayeharisha au kutapika sana ilhali bado ana muda mbele yake, ambaye kalisi imempanda kwenye damu, ambaye amechanganyikiwa kwa sababu inayoweza kurekebishwa, huyo tunamtundikia na tunafuatilia. Mwenye saratani ya umio ambaye njaa inamuuma kwelikweli lakini chakula hakipiti, huyo ana habari nyingine kabisa na anahitaji daktari wa upasuaji mapema. Uamuzi huo ni wa timu inayomtibu. Hauamuliwi na aliyepita kusalimia. (Ya mofini nitayaandika siku nyingine. Mabishano mawili kwa mkupuo siyawezi.)

Kinachomtesa anayekaribia mwisho, kwa upande wa maji, ni mdomo. Anapumua kwa mdomo wazi, dawa zinamkausha, ulimi unapasuka, utando mweupe wa fangasi unatanda na hakuna aliyemmulika aone. Dawa yake ni kitambaa laini kilichochovywa kwenye maji safi na kukamuliwa, kipitishwe kwenye midomo, ufizi na ulimi kila baada ya saa moja au mbili, kisha mafuta mepesi midomoni. Ukiona utando, mwite muuguzi, kwa kuwa fangasi ana dawa. Wazee wa pwani wanaokaa kando ya mtu aliye katika sakarati ya mauti wakimdondoshea maji kinywani kidogo kidogo na kumlowanisha midomo kwa pamba wanafanya, bila cheti, tiba shufaa iliyo sahihi kuliko ya daktari anayetundika chupa ili ndugu wanyamaze.

Na kazi hiyo ya kila saa moja ndiyo isiyo na mtu. Wodi yenye wauguzi wawili usiku haiwezi kulowanisha midomo ya wagonjwa kumi mara kumi. Ndiyo maana inaniuma ninapoona jumuiya nzima imechanga fedha, imekodi Coaster, imekuja na maboksi ya dripu na kamera, imeimba nyimbo mbili, imepiga picha na mgonjwa ambaye hakuulizwa, ikaondoka kabla ya saa ya kubadilisha shuka.

Huduma hii haikujengwa kwa matembezi. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's huko London mwaka 1967, kabla hajawa daktari alikuwa akijitolea jioni kama muuguzi katika hospitali ya St Luke's. Akishika zamu hapo aliona dawa ya maumivu ikitolewa kwa saa maalumu bila kungoja mgonjwa alie, na jambo hilo likawa msingi wa alichokifanya baadaye. Kwetu, Nairobi Hospice iliyoanza mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993 zilijikita katika kumfuata mgonjwa nyumbani kwake. Nyumba zenye vitanda, mfano wa Kimbilio kule Kipkaren magharibi mwa Kenya, ni chache, na kitanda kinakula fedha na mikono ya watu mchana na usiku. Kule Kerala, kusini mwa India, majirani wamejipanga kwa kipimo kidogo kinachotekelezeka: anayeweza kutoa walau saa mbili kwa wiki anafundishwa kwanza, kisha anaingia kazini, na gharama kubwa zinabebwa na michango midogomidogo ya watu wa mtaa huo. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaweka sera ya kuendeleza walichokianza raia. Saa mbili kwa wiki. Kikao cha harusi kinachukua zaidi.

Haya, mnataka kusaidia. Nendeni kwa msimamizi wa nyumba iliyo karibu nanyi, mkaulize zamu ipi haina mtu. Mara nyingi mtaambiwa ni usiku, katikati ya wiki, kwa kuwa Jumapili mchana tunajaa hadi tunakosa viti. Ombeni mafunzo: kunawa mikono, kugeuza mgonjwa, usafi wa mdomo, na kutunza siri, maana ugonjwa wa mtu si habari ya kupeleka kwenye kikundi cha WhatsApp. Mwenye gari amlete ndugu anayekaa mbali, au ampeleke mtoto wa mgonjwa shule. Kinyozi aje na mashine yake. Mhasibu atusaidie hesabu, fundi bomba aje aone lile bafu. Fedha ikipatikana inunue pampasi za watu wazima, sabuni ya kufulia, glovu, mafuta ya jenereta, nauli. Chakula kipikwe kwa ajili ya anayeuguza, ambaye tangu asubuhi kanywa chai kavu, na mtu akae kitini pake kwa saa tatu ili yeye akalale. Baada ya mazishi mrudieni wiki ya tatu, siku ambazo turubai limeshashushwa na simu hazilii tena.

Dripu mlizokwisha kununua, kama muda wake haujapita na zilihifadhiwa vizuri, mwoneni mfamasia wa hospitali, wodi ya watoto wanaoharisha inazihitaji kweli. Kwenye zamu njooni mmekata kucha na mmezima simu. Manukato yabaki nyumbani, mwenye kichefuchefu hayavumilii.