Majina Mengi, Tomcat Moja

Seva moja ya Apache Tomcat inaweza kuhudumia tovuti kadhaa, kila moja kwa jina lake, ingawa zote zina anwani moja ya IP. Msingi wake ni kanuni ya HTTP 1.1, iliyochapishwa mwaka 1997: kivinjari kinapotuma ombi, sharti kitaje jina la tovuti kinayoitaka. Ombi lisilolitaja hukataliwa kwa jibu namba 400.

Tomcat ilianzia katika kampuni ya Sun Microsystems, ikakabidhiwa wakfu wa Apache mwaka 1999. Maagizo yake makuu yamo katika faili la server.xml, ndani ya folda ya conf. Humo, tegi ya Service hubeba Connector, ambayo kwa kawaida hupokea maombi kwenye poti 8080, pamoja na Engine, ambayo huyagawa. Ndani ya Engine ndimo zinamoandikwa tegi za Host, na kila Host ni mwenyeji pepe mmoja.

Host huhitaji hasa mambo mawili: name, yaani jina la tovuti, na appBase, yaani folda zinamokaa programu zake. Kwa mfano, Host ya shule.example inaweza kupewa appBase ya "shule", na ya duka.example ikapewa "duka". Programu itakayofunguka mtu akiandika jina la tovuti peke yake huitwa ROOT, kwa herufi kubwa. Jina likitanguliwa na www, kwa Tomcat hilo ni jina jingine kabisa, kwa hiyo huongezwa kwa tegi ya Alias. Host mbili zisipewe appBase moja: kila moja itapakia nakala yake ya programu ile ile, kumbukumbu italiwa maradufu, na kazi zilizopangiwa saa, kama kutuma ankara, zitafanyika mara mbili.

Mtego mkubwa zaidi ni defaultHost. Ombi lenye jina lisilojulikana halirudishwi. Hupelekwa kwa Host iliyotajwa hapo, ambayo Tomcat ikiwa mpya ni localhost. Fundi aliyekosea herufi moja ya jina huona ukurasa wa tovuti nyingine, akaanza kuilaumu programu isiyo na hatia. Ni busara nafasi hiyo ishikwe na Host tupu, si tovuti ya mteja.

Jina lenyewe husajiliwa nje ya Tomcat, katika mfumo wa majina ya vikoa. Kwa majaribio, inatosha kuliandika katika faili la hosts la kompyuta, baada ya anwani 127.0.0.1. Baada ya kubadilisha server.xml, Tomcat huzimwa na kuwashwa upya.

Kwa HTTPS, seva hulazimika kuchagua cheti kabla ya kusoma ombi, maana ombi limesimbwa. Ndiyo sababu vivinjari hutaja jina mapema, mazungumzo yanapoanza, na tangu toleo la 8.5 Tomcat hulitumia jina hilo kuchagua cheti kupitia tegi ya SSLHostConfig.

Mgawanyo wote huu ni wa majina tu. Tovuti zote huendeshwa na mashine pepe moja ya Java, hivyo programu moja ikimaliza kumbukumbu, jirani zake huyumba nayo. Mfumo wa malipo, kwa mfano, unastahili Tomcat yake peke yake.