Fahamu: Kuteleza kwenye barafu kulianza na mifupa ya farasi

Kila Olimpiki ya Majira ya Baridi inapofika, tunaona wanamichezo wakiruka, wakizunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja juu ya barafu. Zamani kuteleza kwenye barafu kulikuwa njia ya kusafiri.

Maelfu ya miaka iliyopita, watu wa kaskazini mwa Ulaya walifunga mifupa ya farasi au ng'ombe chini ya nyayo ili wavuke maziwa yaliyoganda. Mfupa huteleza tu, hauing'ati barafu. Kwa hiyo msafiri alijisukuma kwa mti wenye ncha, kama mvuvi anavyosukuma mtumbwi kwa upondo. Katika karne ya 12, William FitzStephen aliandika kuwa vijana wa London walifanya vivyo hivyo.

Badiliko kubwa, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, lilitoka Uholanzi katika Zama za Kati: bapa la chuma lenye makali. Makali hushika barafu. Mguu ukapata pa kujisukumia, mikono ikawa huru, na mifereji iliyoganda ikageuka barabara. Miaka ya 1860, Mmarekani Jackson Haines akaingiza muziki na miondoko ya dansi katika kuteleza, na Vienna ikampenda. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwaka 1892.

Uholanzi bado ina mbio za Elfstedentocht, takriban kilomita 200 kupitia miji 11 ya jimbo la Friesland, zilizoanza mwaka 1909. Zinahitaji barafu yenye unene wa sentimita 15 njia nzima. Mara ya mwisho zilifanyika Januari 1997.