Nani atalipia uzee katika mashamba ya majani chai?

KILA ifikapo Oktoba, wakulima wadogo wa majani chai katika kaunti za Kericho na Bomet husubiri bonasi. Kabla ya fedha hizo kufika huwa zimekwisha kugawanywa: karo, deni la dukani, mkopo wa chama cha akiba, mabati. Gharama moja haimo katika hesabu hizo ingawa karibu kila boma huibeba, nayo ni ya kumtunza mkongwe: kumwogesha, kumpikia uji, kumwashia moto usiku wa baridi, kumpeleka kliniki ya shinikizo la damu na kumsubiri huko kutwa nzima.

Kazi isiyo na bei hudhaniwa kuwa haina gharama. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake nchini hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na utunzaji zisizolipwa, ilhali wanaume hawafikishi hata saa moja. Katika vilima vya Konoin na Bureti, saa hizo hutolewa shambani, kwa sababu anayetunza ndiye huyo huyo anayechuma. Siku anayobaki nyumbani na mama mkwe aliyepooza, hana kilo za kupeleka kwenye kituo cha kununulia majani.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 hivi wenye umri wa miaka 60 na zaidi, kati ya watu milioni 47.5. Idadi hiyo si kubwa ikilinganishwa na ya Japani au Italia. Tatizo ni kwamba inaongezeka wakati ambapo mpango wa zamani wa kuwatunza wazee unavunjika.

Mpango huo ulikuwepo, na haukuwa wa bure kama inavyosimuliwa mara nyingi. Miongoni mwa Wakipsigis, mtoto wa kiume aliye kitinda mimba ndiye aliyebaki na wazazi na kuirithi nyumba ya mama yake. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenzake, na watoto waliozaliwa wakawa warithi wa nyumba yake. Wageni wengi hushangazwa na ndoa hiyo, lakini ilimpa mwenye boma mrithi na pia mtu wa kumtunza uzeeni. Katika hali zote mbili utunzaji ulilipiwa kwa mifugo na ardhi. Urithi ndio uliokuwa mshahara.

Mshahara huo umepungua hata hautoshi tena. Ekari mbili za chai zikigawanywa kwa wana wanne, fungu la kitinda mimba haliwezi kumzuia asiende Nairobi au Qatar kutafuta kazi. Kazi za karibu nazo zinapungua: mashine za kuvuna zimechukua nafasi ya mikono mingi katika mashamba makubwa, na mnamo Mei 2023 waandamanaji wenye hasira walizichoma baadhi yake Kericho. Mkongwe hubaki akiwa mwenye shamba kwa jina. Chai husajiliwa kwa jina lake kiwandani na malipo huingia katika akaunti yake, lakini hawezi tena kuchuma, hivyo sehemu kubwa ya malipo ya kila mwezi huishia kwa vibarua.

Hata hivyo, mkulima huyo ana afueni akilinganishwa na mfanyakazi wa mashamba ya kampuni. Huyu wa pili huishi katika nyumba ya mwajiri na kutibiwa katika zahanati ya mwajiri. Siku anapostaafu hupoteza kazi, makao na daktari kwa pamoja. Wengi wao walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi wakiwa vijana, na hurudi katika vijiji walivyovihama miongo kadhaa iliyopita, wakiwa na magoti na migongo iliyochakaa, kwa jamaa wasiowafahamu vyema.

Akiba yao ni ndogo. Kwa miaka mingi hadi Februari 2023, hazina ya NSSF ilimkata mfanyakazi Sh200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza Sh200. Kwa kiwango hicho, miaka 20 ya kuchuma chai ni Sh96,000 kabla ya faida. Kiinua mgongo hutolewa pia chini ya mkataba kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, ila hicho nacho ni malipo ya mara moja. Kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilipotangazwa kununua mashamba ya James Finlay mwaka wa 2023, na yale ya Lipton mwaka wa 2024, mjadala ulitawaliwa na hisa, ardhi na ajira. Ilikuwa fursa nzuri ya kuuliza iwapo mstaafu anaweza angalau kuendelea kutibiwa katika zahanati za mashamba aliyoyatumikia.

Serikali, kwa upande wake, ina wajibu ulioandikwa. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji ufaao kutoka kwa familia na Serikali. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii umekuwa ukiwalenga wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni, kwa Sh2,000 kwa mwezi. Hizo ni kama Sh66 kwa siku, na mara nyingi huchelewa. Zinasaidia kununua unga na dawa, lakini fedha haziogeshi mtu. Hata Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, imeundwa hasa kulipia matibabu, si mtu wa kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa chache.

Aliye karibu zaidi na kazi hiyo ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali iliwapa wahamasishaji zaidi ya 100,000 mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, kwa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Lakini mmoja huhudumia takriban nyumba 100. Anaweza kugundua kuwa ajuza fulani ana vidonda vya kulala. Hawezi kurudi kesho na keshokutwa kumuuguza.

Wakati huo huo, Kenya imetia saini mikataba ya kupeleka wafanyakazi ng'ambo, ukiwemo ule wa wahudumu wa afya na Uingereza wa 2021 na ule wa ajira na Ujerumani wa 2024. Binti wa Sotik anayemhudumia mzee wa Kijerumani atakuwa na mshahara na likizo. Dada yake anayemfanyia mama yao kazi iyo hiyo husemwa kuwa "yuko tu nyumbani".

Japani ilianzisha bima ya utunzaji wa wazee mwaka wa 2000. Wananchi huanza kuichangia wakifikisha miaka 40, na kodi hulipia nusu nyingine. Kericho na Bomet hazina utajiri wa Japani, lakini zina njia ya kukusanya mchango: majani ya wakulima hupimwa kwenye mizani, na makato ya mbolea hufanywa kabla ya malipo. Ikichukuliwa kituo chenye wakulima 200, kila mmoja akiuza kilo 3,000 kwa mwaka, senti 50 kwa kilo zingeleta Sh300,000. Hizo zinatosha kuwalipa watunzaji wawili Sh12,500 kila mwezi, mwaka mzima.

Pingamizi ni rahisi kutabiri, tena lina uzito. Kwa miaka kadhaa wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamepokea bonasi ya chini kuliko wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya, na makato yaliyopo tayari yanawakera. Hawatakubali mengine iwapo fedha zitahifadhiwa mbali nao. Kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia afya, zingeweza kuanza kwa kuongeza shilingi moja kwa kila shilingi ya mkulima, na orodha ya wanaotunzwa ikabandikwa kituoni, kando ya mizani.